Cherehani ikinguruma, nani amshike mtoto?

Juni 2011, polisi wa Zengcheng, kusini mwa China, walitoa tangazo lenye ahadi isiyo ya kawaida. Mhamiaji atakayewasaidia kuwakamata waliofanya fujo katika mji wa Xintang angelipwa hadi yuan 10,000, na juu ya fedha hizo angepewa hukou, yaani kuandikishwa rasmi kuwa mkaazi wa hapo. Watu walioshona nguo katika mji ule kwa miaka, wakapanga vyumba, wakaoa na kuzaa, waliahidiwa kitu hicho kama zawadi ya kuwataja wenzao. Mkaazi wa Temeke au Likoni aliyehama kutoka bara hajawahi kufikiri kwamba haki ya kuhesabika pale anapoishi inaweza kutolewa kama bahati nasibu.

Fujo zenyewe zilianza usiku wa tarehe 10 katika kijiji cha Dadun, ndani ya Xintang. Mwanamke mjamzito wa miaka 20, mhamiaji kutoka mkoa wa Sichuan, alikuwa amepanga bidhaa zake mbele ya duka kubwa. Walinzi wa mtaa wakaja kumwondoa, akasukumwa, akaanguka. Uvumi ukaenea kwamba mumewe ameuawa. Haukuwa wa kweli, lakini kwa siku kadhaa maelfu ya wafanyakazi walipambana na polisi, na magari yakachomwa moto. Magazeti ya dunia yaliandika habari ile kama kisa cha machinga na mgambo, kisa ambacho sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa.

Kuna jambo jingine ndani ya kisa kile ambalo halikuandikwa sana. Mama yule alikuwa anatarajia mtoto katika mji ambao yeye na mumewe walikuja kutafuta riziki. Mtoto wa mama kama yeye, akizaliwa Xintang, analelewa na nani wakati mama yuko barabarani na baba yuko kwenye cherehani? Anacheza wapi? Nani anamfundisha nyimbo, rangi na hesabu za vidole kabla hajafika darasa la kwanza? Makala haya yanahusu maswali hayo, na jinsi wazazi maskini, kutoka Beijing hadi Mombasa, walivyojaribu kuyajibu wenyewe.

Mji unaolipa kwa kipande

Xintang uko kandokando ya mto Dongjiang, mashariki mwa Guangzhou, ukipakana na Dongguan. Tangu miaka ya 1980, mitaji ya Hong Kong ilipoanza kuvuka mpaka kutafuta kazi ya bei nafuu, mji huu uligeuka kuwa kitovu cha suruali za jinzi. Katika miaka ya kilele chake ilitajwa mara nyingi kwamba zaidi ya nusu ya jinzi zote za China zilitoka hapo, kwa mamia ya mamilioni ya suruali kwa mwaka. Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo wa Kariakoo, Eastleigh au Kampala wamezishika suruali hizo hata kama hawakuwahi kutia mguu Xintang.

Kazi haikuwa ya viwanda vikubwa pekee. Vijiji kama Dadun vilijaa karakana ndogo kwenye vyumba vya chini vya nyumba za kupanga. Mmoja anakata kitambaa, wa pili anaunga miguu, wa tatu anatia zipu, mwingine anafua na kupausha. Hatua ya mwisho ni kukata nyuzi zinazoning'inia, kazi isiyohitaji mashine wala ujuzi mkubwa. Mafungu ya suruali hubebwa hadi majumbani na kumwagwa kwenye veranda, na bibi na wajukuu hukaa na mikasi midogo wakipunguza nyuzi, suruali moja baada ya nyingine. Picha za watoto waliozungukwa na marundo ya jinzi zimekuwa sehemu ya historia ya mji huo.

Mwaka 2010 shirika la Greenpeace lilichukua sampuli 21 za maji na matope kutoka Xintang na mji mwingine wa nguo, Gurao. Katika sampuli 17 zilikutwa metali nzito. Hayo ndiyo mazingira ambamo watoto wa washonaji walijifunza kutembea.

Anayetaka kuelewa malezi ya Xintang aanze na malipo. Mshonaji hulipwa kwa kipande. Dakika anayotumia kumnyonyesha mtoto, kumfuta machozi au kumtoa karibu na mkasi ni dakika isiyo na malipo, na msimu wa oda ukifika kazi huenda hadi usiku. Mama hakukosa mapenzi wala hakukosa kujua thamani ya elimu. Muda wake umeshauzwa.

Daftari linalomfuata mtoto

Juu ya muda kuna karatasi. Sheria ya uandikishaji wa kaya ya mwaka 1958 ilimfunga kila Mchina na mahali alipoandikishwa, na mtoto huurithi uandikishaji huo kutoka kwa wazazi. Huduma za umma, shule ikiwa ya kwanza, zilipangwa na kulipiwa na serikali ya mahali kwa ajili ya watu walioandikishwa hapo. Mageuzi ya uchumi yaliruhusu watu wahame kwenda viwandani, ila daftari lao lilibaki kijijini. Mshonaji kutoka Sichuan, Hunan au Guangxi alikaribishwa Xintang kama nguvu kazi. Mwanawe alipofika, ofisi ilimuuliza karatasi.

Sheria ya elimu ya lazima ilirekebishwa mwaka 2006, na ikasema wazi kwamba serikali ya mahali mtoto anapoishi inawajibika kumsomesha. Lakini nafasi katika shule za umma za miji ya Guangdong, mkoa ulimo Xintang, ziliendelea kugawiwa kwa alama. Mzazi huhesabiwa alama kwa mkataba wa kazi, bima ya jamii, mkataba wa nyumba na kiwango cha elimu. Fundi wa karakana ya uchochoroni, asiye na mkataba wala bima, huanzia chini kabisa.

Chekechea ilikuwa na shida yake ya ziada. Miaka tisa ya elimu ya lazima huanzia shule ya msingi, kwa hiyo miaka mitatu hadi sita ilibaki kuwa shauri la mzazi na mfuko wake. Mwaka 2009 takriban nusu tu ya watoto wa China wa umri huo walikuwa wameandikishwa chekechea, na Guangdong ilitegemea mno chekechea binafsi. Za bei nafuu zilikuwa mara nyingi nyumba za kawaida zisizo na usajili, chumba kimoja chenye watoto wengi na mlezi asiye na mafunzo. Afisa alipokuja kukagua alikuwa na haki ya kufunga, kwa sababu hatari ya moto na ya chakula ilikuwa ya kweli. Kesho yake, watoto walirudi kukaa chini ya meza ya cherehani.

Mzazi aliyeona hayo yote hakubakiwa na mengi ya kuchagua. Wengi walimpeleka mtoto kwa bibi, mamia ya kilomita kutoka hapo, wakamwona sikukuu ya mwaka mpya tu. Kwa hesabu zilizotolewa kutokana na sensa ya mwaka 2020, China ilikuwa na watoto milioni 298 walio chini ya miaka 18. Milioni 71 kati yao walikuwa wamehama kutoka mahali walipoandikishwa, na wengine milioni 67 walikuwa wameachwa nyumbani wakati mzazi mmoja au wote wawili wamehama. Jumla yao inakaribia nusu ya watoto wote wa nchi. Kila Julai shule zinapofungwa, wengi wa walioachwa hupandishwa treni kuja Guangdong kukaa na wazazi kwa likizo. Wachina huwaita ndege wadogo wahamao. Wanafika kwenye chumba cha kupanga, mzazi anatoka alfajiri, na mtoto anabaki na ufunguo na simu.

Darasa la saa kumi na nusu

Mashirika ya kijamii yaliingia kwenye pengo hilo. Guangzhou ilianza mwaka 2010 kwa majaribio, na kufikia 2012 ilikuwa imeeneza vituo vya huduma kwa familia katika mitaa na miji yake midogo. Serikali inatoa fedha, kwa kiwango cha awali cha yuan milioni 2 kwa kituo kwa mwaka. Shirika la kiraia linashinda zabuni, linaajiri wafanyakazi wapatao 20, wakiwemo maofisa ustawi wa jamii, na kufungua milango kwa wazee, vijana na watoto. Tangu 2018 vituo hivyo huitwa vituo vya kazi ya jamii.

Huduma inayojulikana zaidi kwa wahamiaji katika miji ya viwanda ni ile waliyoipa jina la darasa la saa kumi na nusu. Shule imefungwa, mzazi hajatoka kazini, na mtoto anapata meza, mtu wa kumsaidia kazi ya nyumbani, kitabu cha hadithi na mahali pa kucheza. Likizo ndefu inapofika, madarasa hayo huwa kambi za ndege wadogo wahamao. Watoto hufundishwa wasiingie mtoni peke yao, jinsi ya kuvuka barabara, na nani wa kumpigia simu wakipotea. Kwa mtoto asiyeujua mji wa wazazi wake, hilo ni somo la kuokoa maisha.

Mpango huu una mipaka miwili. Wa kwanza ni umri: darasa la saa kumi na nusu linamfaa anayekwenda shule tayari, wakati mtoto wa miaka miwili, mitatu au minne hana shule ya kutoka. Wa pili ni mkataba. Kituo kinaishi kwa zabuni, maofisa wake wanalipwa kidogo na huhama kazi mara kwa mara, na mtoto mdogo anahitaji uso ule ule kila siku. Huduma inayotolewa kwa wazazi bila kuwashirikisha hukatika pale mkataba unapokatika.

Mama wa sokoni waliogeuka walimu

Beijing, kilomita zipatazo elfu mbili kaskazini, kulikuwa na jaribio lililokwenda mbali zaidi. Mwaka 2004 Zhang Yan, profesa wa elimu ya awali katika Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing, aliingia na wanafunzi wake katika soko la Sihuan, wilaya ya Xicheng. Wachuuzi wa mboga, samaki na nguo walikuwa wamezungukwa na watoto wao wadogo, wakichezea mifereji na makreti kwa sababu chekechea za jirani hazikuwa za mifuko yao.

Profesa hakuanza kwa kujenga shule. Walianza na kikundi cha michezo ndani ya eneo lile lile la soko, kwa ada ndogo, na sharti moja: mzazi naye awe na zamu. Anayeuza vitunguu asubuhi anakuja siku yake kusaidia kuongoza michezo, kusimulia hadithi za kijijini kwao, kutengeneza vifaa kwa maboksi na chupa. Wanafunzi wa chuo walikuja na ujuzi, kisha wakaondoka kama wanafunzi wote. Waliobaki ni akina mama, na baadhi yao walipata mafunzo hatua kwa hatua mpaka wakawa walimu kamili wa kikundi. Mwanamke aliyekuja mjini akiamini kwamba elimu ni kitu cha watu wengine sasa alikuwa anawaongoza wazazi wenzake.

Mradi mwingine ulianzia vijijini, walikobaki walioachwa. Mwaka 2009 Wakfu wa Utafiti wa Maendeleo wa China ulianza katika wilaya ya Ledu, mkoa wa Qinghai, kutumia madarasa yaliyobaki matupu kijijini na kuwaajiri wasichana wa maeneo hayo waliomaliza masomo, ili kila kijiji kipate chekechea yake. Mpango ulienea katika mikoa maskini, na mwaka 2018 ukapata tuzo ya kimataifa ya elimu ya WISE. Mtoto hakulazimika kutembea hadi makao makuu ya tarafa, wala bibi hakulazimika kuuza mbuzi. Mwalimu alikuwa binti wa jirani anayejua lugha ya nyumbani.

Miradi hii miwili ina kitu kimoja cha pamoja: mlezi alitafutwa miongoni mwa walioguswa na tatizo, akafundishwa, na akafuatwa kwa muda mrefu baada ya mafunzo. Msomaji wa Mombasa au Unguja ana haki ya kusema kwamba kitu hicho anakifahamu.

Liwatoni, 1986

Mapema miaka ya 1980 wazee wa jamii za Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba msaada Aga Khan, kiongozi wa Waismailia. Watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni, wachache wakifika sekondari, wachache zaidi chuo kikuu. Uchunguzi wa tatizo ulirudi nyuma ngazi kwa ngazi mpaka ukafika chini kabisa: mtoto anaingia darasa la kwanza bila msingi. Chekechea zilikuwepo mjini, lakini zenye ada nafuu zilikuwa chache, na wazazi wengi walihofu mtoto atafundishwa dini isiyo yake.

Jibu likapatikana mahali ambapo watoto walikuwa tayari wanakwenda kila siku, yaani madrasa. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alipewa kazi ya kuanzisha mfano, na mwaka 1986 madrasa ya Liwatoni ikawa chekechea ya kwanza ya mpango huo. Asubuhi watoto walisoma sura fupi za Kurani, wakaimba kwa Kiswahili, wakacheza kwa mpango maalumu. Zanzibar ilijiunga mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, kila nchi ikiwa na kituo cha kufundishia walimu.

Mtaala ulichota kutoka mbali. Mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, Marekani, David Weikart na wenzake walianza kuwafuatilia watoto 123 wa familia maskini za watu weusi, baadhi wakapewa chekechea bora, wengine hawakupewa. Ufuatiliaji ulioendelea mpaka walipofika miaka 40 ulionyesha kwamba waliosoma chekechea ile walimaliza shule zaidi, walipata kipato zaidi na walifungwa jela mara chache zaidi. Katika njia ya kufundisha iliyotokana na kazi hiyo, mtoto anapanga atakachocheza, anakicheza, kisha anawasimulia wenzake alichofanya. Bi Swafiya na wenzake waliichukua njia hiyo wakaivika kanzu ya pwani. Pembe za kuchezea zikajazwa vifuu, vizibo, kokwa, mchanga, kanga na vibuyu, vitu ambavyo mzazi yeyote anaweza kuvileta bila kuvunja kibubu.

Walimu walikuwa wanawake wa mtaa ule ule, wengi wao wakiwa na elimu ya kawaida tu. Walifundishwa, wakarudi darasani, wakatembelewa na mkufunzi mara kwa mara, wakafundishwa tena. Jamii nayo ilikuwa na mkataba wake: ichague kamati, wanawake wakiwemo, itoe jengo na ardhi, ikubaliane ada na malipo ya mwalimu. Baada ya miaka ya kusindikizwa, chekechea ilihitimu mbele ya mtaa mzima na kuanza kujitegemea, nyingine zikisaidiwa na mfuko mdogo wa akiba uliochangiwa na jamii na wafadhili. Zaidi ya jamii 200 katika nchi tatu ziliingia katika mpango huo.

Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa chekechea hizi, watoto wa chekechea nyingine na watoto waliobaki nyumbani. Waliopita chekechea yoyote waliwazidi waliobaki nyumbani, na wa madrasa ndio waliopiga hatua kubwa zaidi. Jengo la makuti, mwalimu wa mtaani na vifuu vya nazi viliweza kushindana na shule za ada. Naona fahari kuandika sentensi hiyo, na nadhani kila mtu wa pwani anastahili kuijua.

Mkono mmoja haulei mwana

Fahari isitufanye tufiche udhaifu. Adui mkubwa wa chekechea za jamii, kwetu kama Beijing, ni siku ya mshahara. Mwalimu analipwa kutokana na ada, na ada inatoka kwa mvuvi, mama lishe, mbeba mizigo. Bahari ikichafuka au soko likifungwa, mwalimu halipwi. Akishapata uzoefu na cheti, shule binafsi inamchukua, na kamati inaanza upya. Soko la Sihuan halikudumu pia: Beijing ilipoazimia katika miaka ya 2010 kuondoa masoko ya aina hiyo katikati ya jiji, kikundi kilibaki bila uwanja wake. Jamii iliyojipanga vizuri inaweza kumtafutia mtoto mlezi, ila haina ubavu wa kuzuia tingatinga wala wa kulipa mishahara ya maisha.

Hapo ndipo serikali inapohitajika, na njia inayoingilia ina uzito mkubwa. Uganda ilipofuta ada ya msingi mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001 na Kenya mwaka 2003, mamilioni ya watoto walipata darasa. Lakini chekechea ziliachwa nje ya hesabu, na kwa upande wa Kenya wazazi wengi waliona heri wangoje msingi ya bure kuliko kulipia awali. Zanzibar ilichukua njia nyingine. Sera yake ya mwaka 2006 iliifanya elimu ya awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na palipokosekana shule, jamii zilifungua vituo vya Tucheze Tujifunze, watoto wakifuata masomo ya redio wakiongozwa na mlezi wa kijijini. Tanzania Bara ilipoondoa ada kuanzia awali hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto wa awali waliongezeka katika mwaka mmoja kutoka milioni moja na ushei hadi zaidi ya milioni 1.5. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na shule nyingi za serikali zilijikuta na watoto zaidi ya 100 kwa kila mwalimu wa awali mwenye sifa.

China imepita njia inayofanana, kwa fedha nyingi zaidi. Kuanzia 2010 serikali kuu iliagiza upanuzi wa chekechea na ruzuku kwa zile za binafsi zenye ada nafuu, na kufikia 2023 uandikishaji ulizidi asilimia 90. Sheria ya kwanza ya elimu ya awali ilianza kutumika Juni 2025, na kuanzia muhula wa vuli wa mwaka huo mwaka wa mwisho wa chekechea za umma hautozwi ada. Wakati huo huo watoto wamepungua: mwaka 2016 walizaliwa zaidi ya milioni 17, mwaka 2023 milioni 9 tu, na maelfu ya chekechea yanafungwa kwa kukosa watoto. Xintang nao umebadilika. Viwanda vingi vya kufua na kupaka rangi vimefungwa kwa amri za mazingira, treni ya chini ya ardhi imefika tangu Desemba 2017, na maghorofa ya kuishi yamesimama karibu na karakana za zamani.

Viti basi vipo. Kipimo cha sheria hiyo mpya ni mtoto wa fundi asiye na mkataba wala hukou ya hapo: ataingia bila kuhesabiwa alama, na mlango utabaki wazi hadi saa anayotoka kazini? Ada ikifutwa na mlango ukafungwa saa kumi, mshonaji anayelipwa kwa kipande bado hajasaidiwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Huku kwetu hatuna hukou, na hilo ni neema tusiyoiona. Lakini malipo kwa kipande tunayo, kwa majina mengine. Mama wa Tandale anayekaanga samaki, binti wa Mukuru anayefua nguo za watu, mama wa Goma anayebeba mkaa, wote wanauza saa zao. Mitaani Nairobi, wanawake wengi hulea watoto wa majirani kwenye chumba kimoja kwa malipo ya kila siku. Shirika la Kidogo limekuwa likiwafundisha na kuwasimamia walezi wa aina hiyo badala ya kuwashtaki. Tanzania nayo ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayotambua vituo vya kulelea watoto vinavyoendeshwa na jamii.

Tuna hata mfano wa namna serikali na jamii zinavyopokezana. Shule shikizi za Tanzania zilianzishwa na wazazi waliochoka kuona watoto wadogo wakivuka mito na mapori kwenda shule mama. Walisimamisha banda, wakamtafuta kijana wa kujitolea kufundisha. Fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 zilipokuja mwaka 2021, madarasa 3,000 kati ya 15,000 yaliyojengwa yalipelekwa kwenye vituo hivyo. Wazazi walionyesha mahali, serikali ikaleta matofali na bati.

Nilichojifunza kwa kuziweka Xintang, Sihuan na Liwatoni pamoja ni kwamba kila upande una kazi ambayo mwingine hawezi kuifanya. Mzazi ndiye anayejua saa ambazo mtoto hana mtu, na ndiye atakayebaki mfadhili akiondoka, kwa hiyo aingie kamatini tangu siku ya kwanza. Shirika lilete ujuzi na kumsindikiza mwalimu kwa miaka, kwa kuwa semina ya wiki moja haimjengi mtu. Serikali isajili kituo cha chumba kimoja kwa masharti ambayo maskini anaweza kuyatimiza, ikague usalama kwa nia ya kurekebisha, na ilipe mwalimu. Malipo hayo yakikosekana, mengine yote ni kuwabebesha wanawake maskini mzigo wa taifa na kuwapigia makofi.

Halmashauri zetu na kaunti zetu husoma bajeti kila mwaka, na mikutano ya mitaa, vijiji na shehia ni ya wananchi. Mzazi aliyesoma hadi hapa ana swali moja la kwenda nalo huko: ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kwa ajili ya posho na mafunzo ya walimu wa vituo vya watoto vya jamii? Alipeleke pamoja na kamati yake yote, kwa maandishi, na asikubali jibu la mdomo.